Oili ya Gari la Mkunga

Kila asubuhi fundi cherehani alianza kazi kwa namna moja. Kabla ya kukata kitambaa chochote, aliilaza cherehani yake ubavu, akaifuta vumbi, akaitia mafuta matone machache. Kisha alizungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Ikizunguka bila kukwaruza, alitabasamu na kuvuta kiti.

Mke wake alikuwa mkunga. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wajawazito walioishi mbali na kituo cha afya. Aliwapima, akawashauri, na wenye matatizo aliwapakia kwenye gari lake na kuwakimbiza hospitali. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, na mlango wake mmoja wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Watoto wawili walikuwa wamezaliwa ndani yake. Kwa hiyo watu wa mtaa waliliita Wodi Ndogo.

Mume na mke walikuwa wamegawana kazi. Mkunga aliendesha gari. Fundi aliliangalia. Lakini kuliangalia kwake kulikuwa kwa macho tu. Aliliosha, akajaza upepo tairi, akang'arisha vioo mpaka ndege wakavigonga.

"Gari lina mlio mpya," mkunga alimwambia siku moja wakinywa chai. "Kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko."

"Gari limezeeka hilo," fundi alijibu. "Hata mimi magoti yananilia."

"Magoti yako hayabebi wajawazito."

Wakacheka. Mambo yakaishia hapo.

Wiki mbili baadaye, mchana wa mvua, mkunga aliitwa upande wa pili wa mlima. Kulikuwa na mama mwenye mimba ya kwanza, na damu ilikuwa imeanza kutoka. Mkunga alifika, akampima, akaona hapa si pa kungoja. Akampakia yeye na mumewe, akageuza gari kuelekea hospitali.

Katikati ya mlima taa nyekundu ikawaka mbele yake. Ilikuwa na picha ya birika dogo lenye tone mdomoni. Papo hapo injini ikaanza kugonga kwa nguvu. Mkunga hakujua maana ya ile taa. Alijua tu kwamba nyekundu haileti habari njema. Akasogeza gari kando ya barabara, akazima injini.

Walikaa pale karibu saa nzima. Mvua ilipiga paa. Mkunga alimshika yule mama mkono, akamhesabia pumzi, akamwambia, "Nitazame mimi, mwanangu. Usitazame barabara." Mwishowe lori la maziwa likapita. Dereva wake akawachukua wote watatu.

Mama alipona. Mtoto naye alipona. Lakini daktari alimvuta mkunga pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, "Nusu saa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mkunga alirudi nyumbani amelowa chapachapa. Hakumlaumu mumewe. Alikaa, akavua viatu, akamsimulia yote, pamoja na maneno ya daktari. Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alitamani angefokewa. Usiku ule hakupata usingizi.

Kesho yake gari lilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Jirani yao akatoka kuja kulitazama, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini. Wote walimwita Mama Lori. Wiki hiyo alikuwa likizo, na likizo ilikuwa imeanza kumchosha.

"Shemeji, fungua boneti," alisema.

Fundi alifungua. Mama Lori akachomoa kijiti chembamba cha chuma kutoka ubavuni mwa injini. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha ndani, akakichomoa tena.

"Hiki ni cha kupimia oili. Unaziona hizi alama mbili? Oili inatakiwa iwe katikati yake. Haya, niambie iko wapi."

Fundi akainama. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu. Ilikuwa nyeusi na nzito kama lami.

"Mara ya mwisho kubadilisha oili ilikuwa lini?"

"Mwaka jana niliongeza kidogo."

"Sikuuliza kuongeza, shemeji. Nimeuliza kubadilisha."

Fundi alitazama viatu vyake. "Sijui," alisema. "Kusema kweli, sikujua kama hubadilishwa."

"Mficha uchi hazai," Mama Lori alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Afadhali umesema. Sasa niambie, cherehani yako unaitia mafuta mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Chuma kinasugua chuma. Bila mafuta kinapata moto, kinalika."

"Basi somo unalijua tayari. Ndani ya injini chuma kinasugua chuma mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Oili inavilainisha, inavipoza, inabeba na uchafu. Ikikaa sana inachoka. Ikichoka, kuongeza nyingine juu yake ni sawa na kuvaa shati safi bila kuoga."

Mkunga alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akauliza kwa wasiwasi, "Injini imekufa?"

"Tutajua sasa hivi. Kilichokusaidia, dada, ni kuzima mapema. Ile taa ya birika ikiwaka, hakuna cha 'nimalizie mlima kwanza.' Unasimama, unazima."

Mama Lori alikuwa na oili kidogo ya kufaa iliyobaki kwenye kopo. Wakaiongeza, wakapima, wakawasha. Taa nyekundu ikazimika. Injini iligonga mara kadhaa, halafu kugonga kukafifia. Mama Lori alitega sikio, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mna bahati. Imeumia lakini haijafa. Jumamosi tunatoa hiyo takataka yote."

"Nitamtafuta fundi," alisema fundi cherehani.

"Fundi si ndiye wewe?"

"Mimi fundi wa suruali!"

"Anayeweza kutia zipu hashindwi na bolti moja. Nitakaa kitini, nitakuelekeza. Lakini siligusi. Mkono wangu uko likizo. Mdomo tu ndio uko kazini."

Kwanza alimtuma asome kitabu cha gari, kile kilichokaa miaka yote kwenye kidroo cha mbele bila kufunguliwa. Ndani yake kulikuwa na aina ya oili na kiasi chake: lita tatu na nusu, pamoja na ile inayoingia kwenye filta.

"Nunua iliyoandikwa humo," alisema. "Usidanganywe na kopo linalong'aa. Chukua na filta mpya ya gari hilihili, na washa mpya, ile pete ya kuziba bolti."

Jumamosi asubuhi fundi aliegesha gari mbele ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Aliacha injini ingurume dakika tano, kisha akazima.

"Oili ya vuguvugu inatoka vizuri na inabeba uchafu," Mama Lori alieleza. "Lakini ikiwa ya moto sana itakubabua. Ngoja kidogo. Vaa glavu."

Fundi alivuta breki ya mkono, akaweka vipande vya mbao nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akainua mbele kwa jeki. Kisha akalala chali na kuanza kujisukuma chini ya gari.

"Toka!"

Sauti ile ilimtoa chini ya gari kama kuku aliyemwagiwa maji. Mkunga naye alitoka mbio ndani ya nyumba.

"Shemeji, unataka mke wako awe mjane asubuhi hii?" Mama Lori alisema. Hakuwa akitania. "Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Inaweza kuteleza wakati wowote. Weka stendi mbili za chuma kwanza, pale kitabu kinapoonyesha."

Stendi alikuwa amezileta Mama Lori mwenyewe. Fundi akaziweka, akashusha gari likakaa juu yake, akalisukuma kwa mkono. Halikutikisika. Ndipo akaingia.

"Unaona bolti chini ya tangi la oili? Weka beseni. Zungusha kushoto kulegeza. Ukifika mwisho, vuta mkono haraka."

Fundi alizungusha. Bolti ilikuwa ngumu, kisha ikakubali. Oili ikaruka mbali kuliko alivyodhani, ikamwingia kwenye mkono wa shati.

"Yesu na Maria!" alipiga kelele. Mkunga akasogeza beseni kwa mguu, akicheka mpaka machozi.

"Karibu kwenye kazi," alisema Mama Lori, akinywa chai.

Walingoja mpaka mkondo ukawa uzi, na uzi ukawa matone. Fundi akafuta bolti, akaivisha washa mpya, akairudisha kwa vidole kwanza ili isipande upande. Akaikaza kwa spana.

"Imara, lakini si kwa hasira," Mama Lori alisema. "Ukiua nyuzi zake, umejitafutia kazi nyingine."

Ikafuata filta, kile kikopo kinachochuja uchafu. Fundi aliifungua taratibu, maana nayo ina oili ndani. Akapaka oili safi kwa kidole kwenye mpira wa mduara wa filta mpya. Akaikaza kwa mkono.

"Umeangalia kama mpira wa zamani umetoka na filta yake?"

"Nimeangalia," fundi alijibu.

Hakuwa ameangalia. Mgongo ulikuwa unamuuma, na alitaka kumaliza.

Wakashusha gari chini. Fundi akamimina oili mpya kwa faneli, polepole, rangi yake kama ya asali. Aliacha kidogo kwenye kopo, akapima, akaongeza mpaka ikafika karibu na alama ya juu. Akafunga kifuniko na kuwasha injini.

Mkunga aliinama kutazama. "Inavuja!" alisema. "Inavuja sana!"

"Zima!" alisema Mama Lori.

Fundi alizima. Ule mlima ulimjia akilini, na mvua, na mama aliyekuwa akivuja damu. Alimgeukia mkewe. "Nimesema uongo," alisema. "Mpira sikuuangalia."

Mkunga alimpa kitambaa.

Fundi akainua gari tena. Akaweka stendi, akalisukuma kulijaribu, yote hayo bila kukumbushwa. Akaingia chini, akafungua filta. Mpira wa zamani ulikuwa bado umeng'ang'ania injini, na ule mpya umekaa juu yake. Ndiyo sababu filta haikuziba. Akaubandua, akapafuta pale pakawa safi, akapitisha kidole pande zote. Halafu akamwita mkewe naye apitishe chake.

"Sasa ndiyo umekuwa fundi," Mama Lori alisema. "Kila mtu hukosea mpira. Hatari ni yule asiyerudi chini ya gari."

Waliongeza oili kufidia iliyomwagika, wakawasha tena. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Hakuna hata tone. Wakazima, wakangoja oili ishuke, wakapima. Ilikuwa katikati ya alama mbili, karibu na ya juu.

Fundi alibeba beseni la oili chafu na kuelekea kwenye mtaro. Safari hii aliyepiga kelele alikuwa mkewe.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kuimwaga."

"Mtaro huo unaishia mtoni. Nusu ya wajawazito wangu wanachota maji kule. Mimi niwaambie wachemshe maji, wewe uwatilie oili?"

Wakaimimina kwenye madumu yenye vifuniko. Jumatatu fundi aliyapeleka, pamoja na filta kuukuu, kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Ile iliyodondoka sakafuni waliimwagia mchanga, wakaufagia na kuutia kwenye mfuko wa plastiki.

Kitabu kilieleza pia baada ya kilomita ngapi oili ibadilishwe tena. Fundi alisoma kilomita za gari, akajumlisha. Hakuandika kwenye karatasi. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akaidarizi ile namba kwa uzi mwekundu, akakifunga kwenye usukani. Tangu siku hiyo, kila Jumapili alipima oili kwa kijiti kabla injini haijawashwa.

Miezi ikapita. Mlio wa sufuria haukurudi. Siku kilomita zilipofikia ile namba, fundi alitoka na beseni na spana, akakuta mkewe amekwisha vaa shati lake kuukuu na glavu.

"Leo ni zamu yangu," mkunga alisema. "Mimi ndiye ninayekaa nalo mlimani, si wewe. Leta stendi."

Fundi alileta. Alikaa kwenye kiti cha Mama Lori, ambaye alikuwa safarini na lori lake, akamwelekeza mkewe. Mkunga alimwambia aseme kidogo. Alifanya kila kitu kwa utulivu, kama anavyofanya kazi yake. Mpira wa zamani aliutoa na kumwonyesha mumewe kabla hajaulizwa.

Siku nne baadaye simu iliita asubuhi. Mama mmoja wa upande wa pili wa mlima alikuwa na mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na uchungu ulikuwa umeanza. Mkunga akachukua mkoba wake, akaondoka. Fundi aliendelea kushona, lakini mishono ya siku ile ilikwenda upande. Kila mara aliitazama simu.

Saa nane ikaita.

"Wamemfanyia upasuaji," mkunga alisema. "Mtoto wa kiume. Analia vizuri. Mama yake anauliza kama anaweza kula."

"Na mlimani?"

"Tulipanda tu. Sikumbuki hata tulipofika kileleni." Fundi alimsikia akitabasamu. "Tumefika mapema, mume wangu. Mapema mpaka daktari ndiye aliyetukuta sisi tunamsubiri."