Mshumaa wa Mtu Aliye Hai

"Naomba mwambie baba, mama amefariki leo asubuhi."

Irja alikuwa anakanda unga wa maandazi ya mdalasini, simu ya mpenzi wake Gordon kaibana begani. Gordon mwenyewe alikuwa sauna, kwenye chumba cha mvuke.

"Mama yupi, binti yangu?"

"Mama yangu, Moira. Mimi Elspeth, napiga kutoka Uskoti. Samahani, wewe ndiye mwenye nyumba aliyempangisha baba?"

Irja akavuta kiti akakaa. Moira, mke wa Gordon, alikufa kabla Irja hajaonana na Gordon, ndivyo alivyojua miaka yote sita. Kila Sikukuu ya Watakatifu alimwashia mshumaa makaburini pale Rauma, mji wao wa Ufini, kwenye jiwe la wafu waliozikwa mbali. Mwaka jana mshumaa aliununua Gordon mwenyewe. Wa mwaka huu ulikuwa dirishani, ukingoja kesho.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Pole sana."

Gordon alitoka sauna mwekundu, taulo kiunoni, akiulizia bia yake.

"Elspeth amepiga. Moira amefariki leo."

Gordon akashika ukuta.

"Irja, ngoja nikueleze."

"Nieleze. Huko kwenu mke hufa mara ngapi?"

"Mimi sikusema amekufa. Nilisema 'late'. Wewe ndiye uliyekimbilia kamusi."

Kweli alikimbilia. Neno hilo la Kiingereza lina sura mbili, na Kifini kina neno kwa kila sura: myöhässä, aliyechelewa, na edesmennyt, marehemu. Siku ile walipokutana mkahawani, Irja aliliona la kwanza kwenye kamusi akacheka, akidhani mke wa watu ni mchelewaji. Jicho liliposhuka mstari wa chini, akalia kwa aibu.

"Nililia mbele yako, Gordon. Ukanifuta machozi kwa kitambaa chako. Ulikuwa unanifuta machozi ya mchelewaji?"

"Alikuwa nyumba ya wagonjwa. Akili ilishamtoka, ananiita kwa jina la kaka yake. Kwangu mimi alishakufa."

"Si ungesema hivyo hivyo? Ningekupenda maradufu."

"Niliogopa utaniacha."

"Na binti yako ukamwambia mimi mwenye nyumba. Huko nako uliogopa kuachwa?"

Gordon akakaza taulo kiunoni. Maji yalimdondoka sakafuni.

"Kila nikitaja ndoa, karatasi zako zimechelewa," Irja aliendelea. "Kumbe unangoja mwenzako akate roho. Na mimi namwashia mishumaa, mpumbavu mkubwa."

"Basi sasa hakuna kizuizi, mpenzi. Tunaweza kuoana."

Alilisema, kisha akajisikia mwenyewe, akainamisha kichwa. Irja alimwangalia yule mwanamume aliyempenda kuliko akili yake, na kwa mara ya kwanza akamwogopa.

"Sema kwa Kifini," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Moira, siku ile mkahawani. Myöhässä au edesmennyt? Chagua moja. Kwetu hakuna pa kujificha katikati."

Gordon alijifuta uso kwa kiganja.

"Lipi ni lipi?"

Miaka sita Rauma, anakula samaki wao na kulala kitandani mwao, na kila akiambiwa ajifunze lugha anatania kwamba Kifini ni cha dubu. Irja akarudi kwenye unga wake.

Asubuhi Gordon akapanda ndege kwenda kuzika. Mchana Irja alichukua mshumaa, akaenda makaburini peke yake kwenye mvua ya Novemba. Kiberiti kiligoma mara kadhaa kabla ya kuwaka.

"Nisamehe, Moira," alinong'ona. "Nimekufanyia matanga ukiwa hai, na mumeo akanishikia mwavuli. Leo ndio mshumaa wa kweli."

Akalia. Alimlilia Moira, akajililia na yeye.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Gordon, kwa Kiingereza chake: "Mazishi ni Alhamisi. Nitachelewa kurudi. Utanisubiri?" Na neno la kuchelewa lilikuwa lile lile, 'late'.

Irja alijifuta vidole, akaandika neno moja tu la Kifini, akatuma:

"Edesmennyt."

Akazima simu, akarudi nyumbani kufunga nguo za mwanamume yule kwenye masanduku. Safari hii kamusi aliifungua Gordon.