Kidole Kimoja, Uzi wa Juu

Nani aliyeniitikia?

Niliuliza mezani kwetu Ekerenyo, Jumatano, likizo hii ya Agosti 1973. Baba mdogo Machogu akaendelea kutafuna. Mama akatazama sufuria.

Machweo ya siku hiyo, kabla ya chakula, nilikuwa nimempelekea maziwa Magokoro, yaani bibi, Tryphosa, mjane wa marehemu Nyamweya. Nyamweya alikuwa mpigaji wa obokano, kinanda chetu cha nyuzi nane kilichowambwa ngozi. Nilibeba ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne nililonunua chuoni. Wiki nzima nilihangaika na kodi moja ya muziki, A maina, ile ya huzuni. Kidole cha kati, uzi wa juu, nafasi ya pili. Kidole kimoja tu, na bado uzi ulikoroma.

"Unaukaba kama kuku," Magokoro alicheka. "Sogeza kidole, moiseke, binti yangu."

Nikasogeza. Nikapiga. Ikatoka safi.

Kisha... ndani ya nyumba, gizani... kodi ileile.

Nzito. Polepole. Na harufu ya ngozi mbichi.

Mimi ni mtu wa midahalo. "Ni mtetemo," nikasema. "Uzi ukilia, wa karibu huitikia. Ni obokano ya Babu Nyamweya ukutani."

Akanishika mkono.

"Nyuzi zake tulizikata siku ya mazishi," alinong'ona. "Zote nane. Ndiyo desturi. Usiseme kwa watu."

Nilisema. Mdomo huu unaoshinda vikombe ulimwaga yote mezani, kwa kujigamba. Machogu, ambaye shamba lake limepakana na la mjane, akanawa mikono akatoka.

Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa kikimwita Tryphosa omorogi, mchawi anayemfuga marehemu mumewe ndani. Ahame kabla Jumapili haijaisha, la sivyo nyumba itachomwa. Wanaosema hivyo ni watu wa kanisa. Nusu yao yeye ndiye aliyewazalisha mama zao. Haya, tuseme Nyamweya alipiga. Kosa la mjane ni lipi?

Jana jua lilipotua, Sabato ikiingia, nikapiga kodi ile mbele ya familia nzima. Mama akaniambia nimekufuru. Nikapiga tena. Nyumbani kwetu hakuna obokano.

Ikaitikia.

Nyuma ya kiti cha Machogu.

Harufu ya ngozi ikajaa chumba. Machogu akafunga kitabu chake cha nyimbo.

"Umesikia, Baba mdogo?"

"Sijasikia kitu," akasema, bila kugeuka.

Kwa nini iitikie nyuma yake yeye? Anachokijua kuhusu kifo cha Nyamweya, mimi sikijui, na naogopa kukijua. Lakini kesho, Jumapili, wazee wanakaa kumhukumu Magokoro, naye ndiye shahidi wao dhidi yake.

Ndiyo maana nakuandikia, rafiki: tafadhali njoo mapema, uketi upande wa Magokoro.