Swichi Iliyotoka Webuye

Harufu ya udi ilianza adhuhuri moja ya mvua, ndani ya chumba ambacho hata kiberiti hakikuruhusiwa kuingia.

Mulki alidhani ni nguo zake. Akanusa mtandio, ulinukia sabuni tu. Harufu ilitoka kwenye kabati la chuma lenye mashine za kuhifadhi picha za wagonjwa, na chini ya utamu wake kulikuwa na kitu kingine, kama nywele zilizoungua.

"Madam, nani anachoma udi huku?" aliuliza Joy, mpiga picha za eksirei, akiwa mlangoni ameziba pua.

"Hakuna mtu," Mulki alijibu, ingawa alijua ilikotoka swichi iliyokuwa kwenye kabati lile.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kompyuta katika hospitali hiyo yenye majengo mawili, moja Kitale na jingine Bungoma. Picha za kichwa zilipigwa Kitale, jirani na chumba hicho. Daktari wa kuzisoma alikaa Bungoma. Mashine tatu zilizihifadhi kwa pamoja, kila moja ikizipelekea nyingine ilichopokea, ili moja ikifa kitu kisipotee. Katikati yake ilikaa swichi, kisanduku cha kuziunganisha, na kila kilichotumwa kilipita humo.

Siku za kuichagua, msaidizi wake Wangila alimsihi sana. "Madam, tuchukue mbili mpya, zile za kasi. Moja ikizima, ingine inashika. Hii ya Shafi iko na tumbo ndogo, bana. Picha zikija nyingi itatapika. Halafu hizi mashine zitaanza kudhaniana, kila moja ati mwenzake amekufa, na zote zitajifunga."

Mulki alijua hayo kama Wangila alivyoyajua. Lakini Shafi alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, duka lake la kompyuta lilikuwa linazama, na alimshika mkono akisema, "Dada, neno ni lako. Usiniache." Swichi hiyo Shafi aliitoa Webuye, katika ghala lililoteketea na mlinzi wake ndani. Akaipangusa masizi. Mulki akaipokea na kumwambia mkurugenzi kwamba ni mpya.

Kisha akaletwa Edinah, mwalimu wa Kiminini, aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki. Alikuwa bado anaongea. Picha yake ilipigwa, swichi ikalemewa, mashine zikajifunga, na kule Bungoma daktari akabaki kutazama skrini tupu. Mulki alihangaika na nyaya huku yule mama, kwenye machela upande wa pili wa ukuta, akiwaita watu wake mmoja mmoja, mpaka akanyamaza. Mkurugenzi alipouliza kilichotokea, Mulki naye alinyamaza. Aliyekuwa zamu ni Wangila. Wangila akafukuzwa.

Baada ya udi zikaja sauti. Mwanzoni feni za mashine zilibadilika mlio, zikawa kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, halafu taa za kijani za swichi, ambazo kwa kawaida hupepesa kila moja kivyake, zikaanza kufumba na kufumbua zote kwa pamoja, polepole, kama jicho la mtu anayeamka, na jioni moja Mulki alipokuwa ameinama nyuma ya kabati, mkono wake ukiwa katikati ya nyaya, akasikia ndani ya chuma kile, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akimuuliza kwa upole uleule wa kwenye machela, "Dada, picha yangu imefika?"

Alikimbia akaacha viatu.

Kesho yake alikuwa Bungoma, nyumbani kwa Sheikh Hashim, jirani na msikiti. "Sheikh, kuna kitu," alinong'ona. "Kiliingia na mashine. Kimeua mtu." Alipoyatamka hayo alihisi mzigo ukimtoka begani. Kumbe mwuaji alikuwa mwingine, si yeye.

Sheikh alikuja Kitale asubuhi. Akasimama mbele ya kabati, akaanza kusoma. Chumba kikazizima. Joy, aliyekuwa ameshikilia mlango, akateleza chini taratibu, macho wazi, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume aliyekaukiwa na koo.

"Wewe ni nani?" Sheikh akauliza.

"Jini, mkaaji wa ghala. Nyumba yangu iliungua, nikajificha ndani ya chuma hiki. Mulki huyu akanipokea mwenyewe."

"Kwa nini ulimuua mke wa watu?"

Joy akacheka, na midomo yake haikusogea. "Mimi? Sikumgusa. Njia ilikuwa nyembamba, na aliyeichagua alijua ni nyembamba. Mimi nilikaa nikamsikiliza akiita, nikaipenda sauti yake, nikajifunza kuiiga."

Sheikh akapaza kisomo. Taa za swichi zikazimika moja baada ya nyingine, harufu ikakatika ghafla, na Joy akaamka akilia, hajui analilia nini.

"Ametoka kwenye chuma," Sheikh akasema, akijifuta jasho. "Yaliyobaki ni yako, binti yangu."

Siku hiyohiyo Mulki alimweleza mkurugenzi ukweli wote, na kazi yake ikaishia hapo. Wangila akarudishwa, akafunga swichi mbili za kasi. Walipokutana getini, Wangila alimsimamisha. "Si ungesema, madam," alimwambia. "Si ungesema tu."

Akabaki mtu mmoja wa kuambiwa. Mulki alikwenda Kiminini, nyumbani kwa Wanyonyi, mume wa Edinah. Mzee alimkaribisha chai. Alisikiliza mpaka mwisho bila kufoka, na hilo lilimuumiza Mulki kuliko matusi.

"Mimi nilichelewa kufika," Wanyonyi akasema hatimaye. "Wewe ulikuwa hapo. Alisema nini?"

Mulki alifungua kinywa amwambie kwamba alikuwa akiwaita. Koo lake likawa baridi kama chuma. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya upole, ya mwalimu, yenye lafudhi ya mtu aliyezaliwa na kukulia Bungoma.

"Baba Nanjala, mutoto amekula?"

Kikombe cha chai kikamponyoka Wanyonyi. Akasimama, uso umempauka. Mulki akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akajiuma ulimi mpaka akaonja damu, lakini jikoni sufuria ilikuwa imeshaanguka, na miguu midogo ilikuwa inakuja mbio ukumbini.

"Mama!" mtoto alipiga kelele kwa furaha. "Baba, mama amerudi!"

Na nyuma ya vidole vya Mulki, sauti ile ikaitika.