Kaseti ya Mzee Adolfu

Kufuli lilikuwa zima. Mlango mzima, dirisha zima. Kaseti ndiyo haikuwepo.

Inspekta Baltazari alichungulia uvungu wa kitanda, akainuka akijipangusa magoti. Ilikuwa Izia, Sumbawanga, mwezi wa nane mwaka 1993, na upepo wa baridi ulikuwa umeleta vumbi mpaka kwenye shuka.

"Hiyo kaseti ya video ilikuwa na nini?"

"Maisha ya Adolfu," alisema Leonardi, mwenye chumba. "Rafiki yangu. Nimemrekodi mwaka mzima. Kesho nilikuwa naipeleka Dar es Salaam ikaonyeshwe."

Adolfu alijulikana mji mzima. Alikuwa mpiga sinema. Aliwapiga picha wafugaji wa upande wa Ilemba wakichomewa maboma kwa amri ya wakubwa, kisha akaionyesha picha hiyo hadharani. Wakubwa wakamnyang'anya kamera, wakamweka ndani, wakamfungia banda lake la video. Ndio hao hao waliokuwa wakisimama majukwaani kusema sasa biashara ni ruksa. Ruksa ilikuwa yao na shemeji zao.

"Waliochukua ni watu wao," alisema Leonardi. "Unajua, ila utaogopa."

Baltazari hakubisha. Asubuhi ile mkuu wake alishamwambia: kwa wakubwa usiguse.

Alimwita Mama Silvana, mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Jana nani aliingia humu?"

"Marahaba. Hakuingia mtu."

"Hata mmoja?"

"Nimesema mtu. Adolfu ni wa hapa hapa. Nilimpa ufunguo amsubirie mwenzake ndani. Ningemwacha agande nje?"

Leonardi aliguna. "Sasa mtu ataiba maisha yake mwenyewe?"

"Twende tukamuulize," alisema Baltazari.

Adolfu alikaa peke yake mwisho wa mtaa, panapoanza mashamba. Tangu atoke mahabusu, majirani walizoea kupita njia ya nyuma. Mkewe, Coleta, alikuwa amerudi kwao Kabwe. Adolfu alipowaona wageni alitoa nje viti vyote viwili, yeye akasimama.

Baltazari hakukaa. Alitazama shamba. Matuta ya duara, yale ya Kifipa yanayofukiwa majani ndani, yalikuwa yamekauka na kupasuka, na mabua ya maharage juu yake. Moja tu udongo wake ulikuwa mbichi.

"Shikamoo, mzee. Lile tuta umepiga lini?"

"Marahaba. La siku nyingi."

"Mzee, mimi Mfipa. Tuta hupigwa mvua zikiwa bado zipo, majani yaoze. Mwezi wa nane ardhi hii jiwe. Lile umelimwagia maji ndipo jembe likaingia."

"Nilikaa sana Dar, inspekta. Mambo ya jembe yamenitoka."

"Tulifumue?"

Adolfu alitazama chini.

"Taratibu basi. Nimeifunga nailoni mbili. Haijaharibika."

Leonardi alipiga magoti, akachimbua kwa mikono.

"Nani kakutuma? Wamekutisha tena?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini, bwana?"

Adolfu alijibu pole pole, kama anayerekodiwa.

"Ulikuwa unakuja kila Jumapili. Unaniuliza habari za mama yangu, habari za mahabusu. Unaniambia rudia, mwanga haukukaa vizuri. Wengine hapa hata salamu wananinyima, wanaogopa kuonekana. Juzi ukasema picha imekwisha. Nikajiuliza, huyu sasa atakuja kufanya nini kwangu? Nikaona ikipotea, tutaanza upya."

Leonardi alifuta udongo kwenye nailoni kwa mkono wa shati. Alifuta hata palipokwisha kuwa safi.

"Sishtaki," alimwambia inspekta. "Basi linaondoka alfajiri."

Akashika njia, kaseti kifuani, bila kugeuka.

Baltazari alibaki na pingu zake mfukoni. Waliostahili kuzivaa walikuwa ofisini, wanakunywa chai.

"Umesikia, mzee. Hakuna kesi."

"Hata maelezo yangu huchukui?"

"Ya nini tena?"

Adolfu alivuta kiti kimoja karibu na kile kingine.

"Naweza kuja mwenyewe kituoni," alisema. "Siku yoyote utakayosema. Mtaniuliza maswali, nami nitajibu."