Picha ya Alphonsine

Siku ile ilianza vizuri. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, pikipiki zilikuwa zinarusha matope mbele ya atelie, karakana ya kompyuta ya kaka yangu Josaphat, pale Mudzipela, Bunia, na mimi nilikaa mlangoni nikichambua maharagwe. Kaka alikuwa ameitwa mjini kutengeneza mashini ya kuchapa ya shirika moja. Kazini alibaki mke wake, Arlette.

Arlette alikuwa mke wa pili. Wa kwanza, Alphonsine, alikufa kwa malaria. Alphonsine ndiye aliyeanzisha ile kazi ya kompyuta pamoja na kaka, ndiye aliyetengeneza tovuti ya atelie, na ukurasa wa kwanza aliweka picha yake mwenyewe: amekaa kwenye meza ya kazi, bisibisi mkononi, anacheka. Alipokufa hakuna aliyeigusa. Arlette alikuja, akajifunza ufundi kwa kaka mpaka akaujua kweli. Lakini kila mtu aliyetafuta namba ya atelie kwenye simu alikutana kwanza na uso wa yule mwingine.

Mwalimu Roger alileta kompyuta iliyokuwa inalia bip, bip, bila kuonyesha kitu. Arlette akaifungua, akachomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akasugua meno ya kibao hicho kwa gome, ile raba ya kufutia ya watoto wa shule, akakirudisha mpaka kikalia tak. Mashini ikawaka.

"Merci, mama!" Roger akafurahi. "Marehemu naye alikuwa anafanyaka vile vile. Gome tu, na mashini inaamuka."

Arlette alitabasamu mpaka mwalimu alipotoka. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Wifi Fanny, hata nitengeneze mashini zote za Bunia, jina ni lake tu. Hata bwana yangu, kila asubui anafungua ile site. Anasema anaangalia kama inatembea. Anaangalia mutu." Akavuta kiti. "Leo minamutosha pale, minaweka picha yangu."

"Mwache, Arlette. Alishakufa."

"Kama alishakufa, anacheka nini?"

Alinipa simu yake nimpige picha. Akakaa kwenye kiti kile kile, akashika bisibisi, akanyoosha blauzi yake ya kijani. Kisha akaipa picha jina lile lile la ile ya zamani, akaituma kwenye tovuti ichukue nafasi yake, akafungua ukurasa.

Alphonsine.

"Ni cache," akasema. "Mashini inatunzaka picha ya zamani." Akafuta vyote ambavyo mashini ilikuwa imetunza. Akafungua tena. Alphonsine. Akakagua jina la picha, herufi kubwa na ndogo. Akafungua kodi, yale maandishi yanayoujenga ukurasa, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna kosa. Akafungua picha yenyewe kule ilikohifadhiwa: ni yeye, Arlette, na blauzi yake ya kijani. Akarudi kwenye ukurasa.

Alphonsine.

"Fungua na simu yako," akaniambia, sauti imeshuka.

Simu yangu ilikuwa mpya; haikuwa imefungua tovuti ile hata mara moja. Ukurasa ukashuka polepole. Alphonsine alikuwa pale. Lakini hakuwa anacheka tena. Na alikuwa amevaa blauzi ya kijani.

Maharagwe yalinimwagikia miguuni.

"Minafuta yote," Arlette akanong'ona. Akafuta. Mahali pa picha palipaswa kubaki patupu, na kile kialama kidogo cha picha iliyokosekana. Haikuwa hivyo. Tuliiona meza. Tukakiona kiti. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Ameenda wapi?" nikauliza.

Arlette akaangalia nyuma yake.

Umeme ukakatika. Vioo vyote vikawa vyeusi. Ni jambo la kila siku Bunia, na kwa kawaida kimya kinachofuata ni kizuri. Safari hii hakikuja. Chini ya meza, feni ilikuwa inazunguka.

Ilikuwa kompyuta ya zamani ya Alphonsine, ambayo kaka aliiweka kwa sababu ya picha zake zilizokuwa ndani. Arlette akainama kuvuta kamba yake ya umeme ukutani. Akaishika mkononi ikiwa imelegea. Haikuwa imechomekwa.

Mimi nilikuwa nimeshatoka nje. Yeye hapana. Wivu wake ulikuwa mkubwa kuliko woga. Alifungua mashini ile, akang'oa diski, akaiweka sakafuni na kuipiga nyundo. Akapiga. Akapiga tena. Feni ikasimama.

"Hakuna copie ingine ya zile picha!" nikalia kutoka mlangoni.

"Basi," akasema, jasho likimtiririka. "Sasa Josaphat iko wangu."

Kaka aliporudi nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo akawa analala atelie. Arlette angevumilia matusi. Ule ukimya hakuuweza. Akasema anaenda kwa mama yake, kule Nizi, nimsindikize.

Kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, askari aliomba kadi. Arlette akatoa kadi yake ya mpiga kura, ile aliyochukua akiwa bado msichana, kabla hajamjua kaka. Askari akaiangalia. Akamwangalia. Akaiangalia tena.

"Mama, huyu ni nani?"

Akanipa mimi kadi. Jina: la Arlette. Tarehe ya kuzaliwa: yake. Sahihi: yake. Plastiki haikuwa na hata mkwaruzo. Uso ulikuwa wa Alphonsine, na shingoni alikuwa na ule mnyororo mdogo ambao Arlette alikuwa ameuvaa asubuhi hiyo, amesimama kando yangu.

Tukarudi Bunia. Arlette alitembea moja kwa moja mpaka atelie, akaweka kadi mezani mbele ya mume wake. "Angalia kitu alinifanyia," akasema, akilia. "Angalia, Josaphat."

Kaka aliichukua kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliiangalia muda mrefu sana, na sikuona woga usoni mwake hata kidogo.

"Naweza kubakia nayo?" akauliza.

Arlette akafuta machozi kwa mkono wa blauzi. Hakulia tena.

Kadi ile iko kwenye mfuko wa shati la kaka mpaka leo. Arlette alienda ofisi inayotoa kadi za mpiga kura, akasema aliipoteza, wakampiga picha, wakampa nyingine. Hiyo mpya hajamwonyesha mtu yeyote.