Misa ya Bibi Balbina Yamuumbua Mchumba Wangu

— Sogea kidogo, Konso. Niifute ile Misa ya jana, diski imejaa.

Ndiyo salamu niliyopewa na mchumba wangu Viktor, Jumatatu asubuhi, wiki mbili baada ya kuniaga kwamba anakwenda Morogoro kufunga madishi. Hakuuliza nimeamkaje. Jasho linamtoka kama mtu aliyesukuma basi kutoka Kivukoni, macho yako kwenye kompyuta ya kibandani kwangu Lipangalala, hapa Ifakara, mkono tayari unatafuta kipanya.

Wasioijua hiyo kompyuta niwaeleze. Ndani ina kadi ya TV. Viktor mwenyewe aliifunga mwaka jana, akasimamisha antena juu ya mwanzi nyuma ya choo, tukawa tunanasa chaneli za dijitali bila king'amuzi. Mchana nachapa barua na kutoa fotokopi. Jioni majirani wanaangalia tamthilia niliyowarekodia wakiwa shambani. Na kila Jumapili kompyuta inarekodi Misa kwa ajili ya bibi yangu Balbina, ambaye mguu umegoma kumfikisha kanisani. Jumapili kibanda ni cha watu wa mpira, kwa hiyo bibi husali Jumatatu baada ya uji, amevaa kitenge cha kanisani kabisa.

— Diski ina nafasi, nikamwambia. Tangu lini wewe unafuatilia Misa?

Akasema fundi lazima akague kazi yake. Akasema rekodi ndefu zinachosha mashine. Akasema mengi. Miaka mitatu niko naye, sijawahi kumsikia akitaja Misa isipokuwa siku ya pilau ya Krismasi.

Simu yake alikuwa ameiweka juu ya printa yangu. Ikalia, ujumbe ukatokea, mtumaji "Fundi Dishi Moro":

"Mume wangu, mama amelia kwa furaha. Tumetangazwa mpaka kwenye TV, nchi nzima imesikia. Mbona hupokei simu?"

Nikamsomea polepole, kama somo la kwanza.

— Huyo fundi anakuita mume wake, Viktor.

— Amekosea namba.

— Amekosea mpaka na wewe ukaihifadhi.

Bibi akatoka ndani na fimbo yake. Viktor akawahi shikamoo, bibi akaitikia, akakaa kwenye kiti chake na kuomba awekewe Misa. Viktor akamwambia kwa upole kwamba ya jana ilikatika, mawingu yalikuwa mengi.

— Nitaangalia palipobaki, bibi akasema.

Nikabonyeza. Haijakatika popote. Nikaruka kwaya, nikaruka mahubiri, bibi akiguna maana kwake hiyo ni dhambi, nikafika kwenye matangazo. Watu wengi wakishapokea komunyo wanazima. Bibi hazimi. Kwake Misa bila matangazo ya ndoa ni wali bila mboga, anataka kujua nani anamuoa nani hata kama hawajui. Ni yeye aliyemwomba Viktor aongeze muda wa kurekodi ili matangazo yasikatwe. Na Viktor, kwa kutaka sifa ukweni, alipanga saa hizo kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili hiyo TV walikuwa wamekwenda parokia moja ya Morogoro. Padre akafungua karatasi:

— Tangazo la pili. Viktor Dionisi, mzaliwa wa Ifakara, sasa mkazi wa parokia hii, anatarajia kufunga ndoa na Eveline Wendelin. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko kabla ya Jumapili ijayo.

Nikasimamisha picha. Padre akabaki mdomo wazi, na mchumba wangu vilevile.

— Konso, nilikuwa nataka kukueleza. Baada ya mavuno.

— Baada ya mavuno ndiyo harusi yetu. Ungenieleza altareni?

Barua yake ya posa ilipokelewa kwetu Pasaka, mjomba Joachim akatoka Malinyi na wazee wawili kuja kuisikiliza. Kumbe mwenzetu ana posa mbili na parokia mbili, na huko kwa pili amejiandikisha mkazi ili jina lake lisisomwe huku.

Viktor akamgeukia bibi.

— Bibi, shikamoo.

Bibi hakuitikia. Akaelekeza fimbo kwenye kioo.

— Rudisha nyuma, Konsolata. Jina la baba wa yule binti sijalisikia vizuri.

Simu ikaita tena, yule yule fundi. Viktor akairukia, mimi nikawahi.

— Wewe nani na simu ya mume wangu? sauti ikauliza.

— Ulimsikia padre jana aliposema mwenye kujua kizuizi? Basi kizuizi ndiyo mimi. Naitwa Konsolata, nipo Ifakara.

Akasonya. Kisha akanipa zangu: mshamba, mwenye wivu, barua ya posa hata mlevi anaweza kuandika. Nikamwambia asiniamini mimi, aiamini picha. Namtumia barua yenye sahihi ya baba mkwe wake, Mzee Dionisi.

— Tuma. Ikiwa ni uongo nakuja huko kukukata ulimi.

— Njoo na kisu chako. Vya huku tunakatia mpunga.

Nikanakili namba yake, nikatuma palepale kwa simu yangu picha niliyoipiga siku ya posa. Viktor akanyakua simu yake.

— Umeniharibia maisha.

— Mimi nimebonyeza tu. Kurekodi umerekodi wewe.

Aliondoka hajaaga. Nisiwadanganye, wiki ile nililia mpaka bibi akaniuliza kama nimefiwa. Mjomba akapiga simu kusema wanaume hujikwaa, ukoo umeshaalika watu, nifikirie. Nikafikiria kweli. Nilimpenda yule mjinga.

Jumamosi Eveline akaandika: "Nimemwona paroko. Kesho hatusomwi. Usidhani nimekupenda."

Nikamjibu: "Wala mimi."

Saa moja baadaye, Viktor:

"Konso, yule nimeachana naye. Sasa nimebaki na wewe tu. Mwambie mjomba asirudishe barua."

Kuachana naye, anasema. Mtu kafukuzwa Morogoro, anarudi kwangu kama ndiye aliyeamua. Hapo kufikiria kukaniisha. Nikampigia mjomba, tukabishana mpaka akakubali kuamka na gari la kwanza, barua mfukoni. Ndipo nikamjibu Viktor:

"Mjomba anakuja kwenu kesho kuirudisha. Baba yako akiuliza sababu, umweleze wewe."

Akapiga mara sita, sikupokea. Ya saba ikatoka kwa baba yake. Hiyo nikapokea.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Huyu kijana analia hapa, anasema umemwacha. Kuna nini?

— Yupo hapo karibu, baba?

— Yupo.

— Basi mwulize Eveline ni nani. Mimi nasubiri kwenye simu.