Fundi Mrefu Mwenye Kipara

Duka la vipuri lilikuwa limefurika watu siku mwokaji mikate alipojipenyeza hadi kaunta, aproni imejaa unga, mkononi kashika kiungio cha shaba kilichopasuka. Dada aliyesimama kando yake, ovaroli ya buluu imemkaa sawasawa na hereni nyekundu masikioni, alikitupia jicho mara moja tu.

"Nani alikikaza hiki? Alikuwa na ugomvi nacho?"

"Mimi," mwokaji akajibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Dada huyo alikuwa fundi wa gesi, na hakuna aliyemzidi mtaa ule. Alifuatana naye, akambadilishia kiungio kwenye mtungi mkubwa nyuma ya tanuri, kisha akamwapisha asiuguse tena. Mwokaji akaapa huku macho yakiwa kwenye hereni. Miezi saba baadaye walikuwa wapenzi, na mitaa yote ilijua.

Asubuhi moja fundi alikuja kukagua mtungi kama kawaida yake. Akainama, akaganda. Penye kiungio chake palikuwa na tepu nyeupe, ile nyembamba ya mabomba ya maji, tena imezungushwa kinyume. Akapaka povu la sabuni. Mapovu yakaanza kuvimba. Akafunga vali papo hapo, akaamuru tanuri lizimwe.

"Nani kagusa kazi yangu?"

Mwokaji akajifuta unga mikononi. "Nilimwita fundi mmoja hivi. Mrefu. Ana kipara."

"Kwa hiyo mkono wangu haukutoshi?"

"Ulikuwa na homa, laazizi. Sikutaka kukusumbua."

"Simu ulikuwa nayo."

Fundi akachukua spana. Alikitoa kiungio, akasugua hesi, ile mifuo ya kukazia, kwa brashi mpaka zikang'aa, akachukua kipya na kukizungushia tepu nene ya njano, ya gesi, akifuata upande wa kukaza na kuuacha mfuo wa kwanza wazi ili kipande cha tepu kisiingie ndani. Spana moja ikashika, nyingine ikakaza. Akafungua vali, akapaka povu; likatulia, hata kiputo kimoja hakikuvimba. Akafungasha vifaa akaondoka bila kuaga, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Wivu angeumeza. Kilichomnyima raha ni kwamba fundi yule mbovu alikuwa huko nje akitengeneza mitungi ya watu. Siku tatu akazunguka madukani akiulizia mrefu mwenye kipara. Ya nne, simu ikalia: ni mwokaji.

"Fundi wangu, nasikia unamtafuta mtu."

"Nimeshampata. Nimemfokea mbele ya mkewe nusu saa nzima. Kumbe anauza magodoro!"

"Mwache muuza magodoro, mpenzi. Fundi huyo hayupo. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilisikia harufu, nikakifungua kiungio, nikazungusha tepu iliyobaki bafuni. Nilikuwa nimekuapia, nikaona aibu. Nikaona bora unionee wivu kuliko unione mwongo."

"Tanuri lilikuwa linawaka?"

"Lilikuwa linawaka."

Fundi akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. "Ungekufa, wewe! Mimi nimenuna kwa ajili ya kipara, kumbe nusura nikukose kabisa!" Akalia waziwazi, na upande wa pili mwokaji naye akasikika akivuta makamasi.

"Nisamehe."

"Njoo karakana. Sasa hivi. Na hiyo aproni uvue."

Alikuja mbio. Fundi akamkabidhi spana mbili, kiungio na mtungi usio na gesi. Mara tatu mwokaji alikosea, mara tatu akaambiwa afungue aanze upya. Ya nne, fundi akajaza hewa, akapaka povu, akainamia kwa muda mrefu.

"Hakivuji," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Lakini mtungi wa tanuri bado huugusi bila mimi kusimama hapo."

"Kila siku ya maisha yangu, ukikubali."

"Usiniletee maneno matamu. Kuna mtu nimemvunjia heshima kwa uongo wako. Twende ukamwombe radhi."

Muuza magodoro aliwapokea kwa uso mkavu, mkewe kakunja mikono. Mwokaji akaeleza yote, hakuficha hata tepu ya bafuni. Mke ndiye aliyeanza kucheka. Mume akajipapasa kipara, akalainika.

"Basi niungeni mkono angalau," akasema. "Mnataka godoro la ukubwa gani?"

Mwokaji akamtazama fundi.

"La watu wawili," fundi akasema. "Tuwekee. Tutalichukua siku ya harusi."